Vyombo vya Ndani na Mirathi: Nyumba za Unguja Zilivyohesabiwa Tangu 1856



Leo tunaweka pembeni mashela na ushanga. Sisi tunaokaa nyuma ya cherehani tunasikia mengi, maana mteja akisimama kupimwa mdomo nao hufunguka. Mwaka huu swali moja limeletwa dukani na wajane na mabinti zaidi ya mara moja: je, vyombo vya ndani navyo ni mirathi? Kila mtu anajua kwamba nyumba inarithiwa, shamba la mikarafuu linarithiwa, na pesa za benki vilevile. Wakifika kwenye kabati la vyombo, sanduku la kanga na sufuria za uvunguni, wanaume hunyanyuka wakasema hayo ni mambo ya wanawake, gawaneni wenyewe. Basi hapo ndipo mtu anapopoteza haki yake, tena mara nyingi ni yule aliyekuwa akivifuta vumbi vyombo hivyo kwa miaka thelathini.

Jibu la dini liko wazi. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ameweka fungu la wanaume na fungu la wanawake katika kilichoachwa na wazazi na jamaa, na akataja kwamba ni sawa kiwe kichache au kingi. Wanazuoni wakaita vyote hivyo tirka, yaani kila alichokiacha maiti kilichokuwa chake. Kijiko kimo, na jora la kitambaa limo. Kinachobaki ni kujua vilikuwa vya nani, na thamani yake ni ngapi siku ya kugawa. Maswali hayo mawili visiwa vyetu vimehangaika nayo muda mrefu, na historia yake ina mafunzo kwa bibi harusi kuliko mtu anavyodhani.

Tuanze na nyumba kubwa kuliko zote. Mwezi wa Oktoba 1856 Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini akirudi kutoka Maskati. Aliacha watoto kadhaa wa kiume na wa kike, wengi wao wamezaliwa na masuria, na kwa sheria yetu watoto wa suria ni warithi kamili kama watoto wa mke wa ndoa. Aliacha pia makasri yaliyojaa vitu: Mtoni, Beit al-Sahel na mengineyo. Binti yake mmoja, Sayyida Salme, baadaye aliandika kumbukumbu za maisha yake, zikachapwa Ujerumani mwaka 1886. Kwa sisi tunaopenda mambo ya ndani, kitabu hicho ni hazina. Anaeleza vyumba vyenye kuta nene na zidaka, na katika zidaka zile zimepangwa sahani za kaure, bilauri za kuchongwa, vioo na saa zilizoagizwa Ulaya. Vitanda vilitoka Bara Hindi, vimenakishiwa na viko juu mno, mtu anasaidiwa kupanda. Mabwana na mabibi walishindana kwa vitu hivyo. Yaani lile kabati la vioo tunalolipanga sebuleni leo na kuwakataza watoto wasiliguse, asili yake ni mbali.

Salme alikuwa na umri wa miaka 12 tu baba yake alipofariki. Alihesabiwa amefika umri wa kupewa mali yake, akapata shamba lenye nyumba pamoja na pesa, paundi 5,429. Tafadhali litazameni jambo hili kwa makini. Mtoto wa kike, mama yake suria, mwaka 1856, anakabidhiwa fungu lake likiwa limehesabiwa na linajulikana ni kiasi gani. Wakati huo huo Uingereza mwanamke akiolewa mali yake ya pesa na vyombo iliingia mkononi mwa mumewe, mpaka sheria za 1870 na 1882 zilipobadilisha. Hatusemi kwa kujigamba. Tunasema kwa sababu kuna wanaodhani kumhesabia mwanamke mali yake ni jambo geni lililoletwa na semina.

Kaka zake nao waligombana juu ya kikubwa zaidi, utawala wenyewe. Thuwaini alikuwa Maskati na Majid yuko Unguja, na ugomvi wao ukamalizwa mwaka 1861 kwa uamuzi wa Lord Canning wa Bara Hindi, kwamba Unguja iwe mbali na Maskati na iwe inalipa riale 40,000 kila mwaka. Utawala haugawiki kwa thumni na sudusi kama kabati, ndiyo maana jambo lile lilimshinda kadhi likaenda kwa wenye manowari. Salme naye alirudi 1885 akiwa na merikebu za Kijerumani nyuma yake, anadai mirathi zaidi kwa kaka yake Barghash. Hakupata. Alikuwa ameondoka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuingia Ukristo, na kwa sheria ya Kiislamu dini mbili hazirithiani. Wapo wanaomhurumia na wapo wasiomhurumia, hata katika chumba chetu cha kushonea pana kambi mbili. Lakini fungu la baba yake alikuwa amekwishalipata zamani, na hilo hakuna aliyemnyang'anya.

Sasa njoo kwenye thamani. Kuna bibi mmoja aliwahi kutuambia dhahabu haizeeki. Ni kweli, lakini vingine vinazeeka kwa namna za ajabu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja, na Pemba ikasalimika. Fikiria ndugu wawili waliogawana mwaka 1870, mmoja kachukua shamba Unguja na mwenzake kachukua masanduku ya dhahabu na vyombo. Kwenye karatasi mafungu yalikuwa sawa. Miaka miwili baadaye mmoja ana visiki. Fedha nyeupe nayo ilianza kushuka bei duniani tangu miaka hiyo ya 1870, kwa hivyo vikuku na mitali iliyopimwa kwa riale ikawa inapungua thamani bila kuondoka sandukuni. Ndio maana bei ya kuhesabia mirathi ni bei ya sokoni wakati wa kugawa. Bei aliyonunulia marehemu haitumiki, wala bei ya hasira ya mtu asiyetaka kiuzwe.

Ukishika karatasi za zamani za familia utaona hesabu zimeandikwa kwa riale, halafu kwa rupia, halafu kwa shilingi. Rupia ndiyo iliyotumika hapa mpaka 1936, tulipoingizwa katika shilingi ya Afrika Mashariki kwa kiwango cha rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Familia nyingi zina wosia au hati ya mahari ya bibi mkubwa imeandikwa rupia, na wajukuu wanacheka kwamba ni hela ndogo. Haikuwa ndogo kwake.

Historia ya makasri ni nzuri kusoma lakini wengi wetu hatukutoka kwenye makasri. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Mtu aliyeachwa huru alipofariki, nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, na ndani kuna kitanda cha kamba, mkeka, chungu, kinu na kanga zake. Mtu mdogo, mali ndogo, na bado mali ile ilikuwa na mgogoro, kwa sababu sheria ya walaa ilimpa bwana wa zamani nafasi ya kumrithi aliyemwacha huru ikiwa hakuacha warithi wa damu wa kuimaliza mali. Kwa hivyo kuthibitisha ndoa, kuthibitisha mtoto, kuthibitisha kwamba kitanda kile ni cha mke na si cha marehemu, kulikuwa ni kuthibitisha uhuru wenyewe. Mwanahistoria Elisabeth McMahon alitumia karatasi za mahakama na za mirathi za Pemba katika kitabu chake cha 2013 kuhusu maisha ya watu hao baada ya utumwa. Vitu ambavyo sisi tungevitupa, kwa watu wale viliandikwa karani akiwa amekaa mezani.

Na mwenzake Laura Fair, katika kitabu cha 2001, ameonyesha jinsi nguo zilivyosema baada ya 1897. Wanawake waliacha merikani na kaniki zilizokuwa alama ya utumwa, wakavaa kanga za rangi, kisha buibui. Kwa sisi washonaji habari hii inagusa, maana kanga kwa mwanamke yule ilikuwa nguo na ilikuwa akiba. Unanunua doti ukiwa nazo, unaiweka. Shida ikija unauza doti mpya ambayo haijafuliwa. Mpaka leo ukifungua sanduku la bibi wa miaka themanini unakuta doti arobaini hazijakatwa, zimekunjwa na udi na karafuu.

Waingereza walipoushika utawala hapa (tangu 1890 tulikuwa chini ya himaya yao) hawakuigusa sheria yenyewe ya mirathi ya Kiislamu. Makadhi waliendelea, wa Kisunni na wa Kiibadhi, na kitabu cha Imam Nawawi, Minhaj, kikaendelea kuwa mezani kwa mashafii. Kilichobadilika ni karatasi. Mwaka 1905, enzi ya Seyyid Ali bin Hamud, ikaundwa kamisheni ya wakfu, na taratibu za kusimamia mali za marehemu zikaanza kuhitaji orodha, sahihi na mthamini. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watu wazima wa mtaa, sonara na dalali. Neno dalali lenyewe ni la Kiarabu, na mnada pia, maana yake kunadi, kuita kwa sauti. Vitu vya marehemu vilinadiwa ili bei ijulikane hadharani, kila mrithi asikie. Ndugu akitaka sanduku la baba analinunua kwa bei iliyofika mnadani, na pesa hiyo inakatwa kwenye fungu lake. Hapakuwa na mtu wa kusema alionewa. Tunaona utaratibu ule ulikuwa bora kuliko huu wa sasa wa kugawana kwa kuoneana haya, ambao mwisho wake ni kununiana miaka kumi.

Tumefika penye moyo wa mada. Vitu vilivyomo ndani ya nyumba ya mume na mke ni vya nani?

Imam Shafii, ambaye wengi wetu hapa tunafuata madhehebu yake, ana msimamo unaowashangaza watu. Mume na mke wakigombania vyombo vya ndani, au mmoja amekufa na warithi wake wakagombana na aliyebaki, na hakuna mwenye ushahidi, basi kila upande unaapa na vitu vinagawiwa nusu kwa nusu. Haijalishi ni kitu cha kike au cha kiume, kwa sababu mwanamke anaweza kurithi upanga wa baba yake, na mwanamume anaweza kumiliki herini. Wanazuoni wa Kimaliki na wa Kihanafi wao wanatazama zaidi kitu kinamfaa nani, vya kike vya mke na vya kiume vya mume. Utaona katika njia zote hizo mwanamke hakuachwa mikono mitupu. Lakini utaona pia kwamba mwenye ushahidi anashinda kabla hata ya kufika kwenye kiapo. Ushahidi ni risiti, ni mashahidi, ni orodha.

Sasa kwetu hapa mahari ya bibi harusi mara nyingi ndiyo inayonunua kitanda, godoro na kabati. Mahari ni mali ya mke peke yake, kwa hivyo kilichonunuliwa kwa mahari yake ni chake. Vyombo alivyotunzwa siku ya sherehe ni vyake. Dhahabu aliyovishwa na mama yake ni yake. Mume akifariki vitu hivyo havimo katika tirka kabisa, havigawiwi na mtu. Lakini baada ya miaka ishirini nani anakumbuka? Godoro limebadilishwa mara tatu, kabati la mwanzo liliuzwa likaongezwa pesa za mume likanunuliwa jengine, na shemeji anasimama mlangoni anasema kila kilichomo humu ni cha kaka yetu.

Tuchukue mfano wa hesabu, maana wengi hudhani tofauti ni ndogo. Mume amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Gharama za mazishi zimekwishalipwa. Vitu vyote vya ndani vimethaminiwa shilingi 9,000,000. Ndani yake vya mke, kwa ushahidi, ni 3,400,000. Mume alibakisha deni la mahari 800,000. Hesabu ya sawa inakwenda hivi: toa kwanza vya mke, zinabaki 5,600,000. Toa deni la mahari, kwa sababu deni hulipwa kabla ya kugawa, zinabaki 4,800,000. Thumni ya mke ni 600,000. Zinazobaki 4,200,000 zinakatwa mafungu manne, mvulana anapata 2,100,000 na kila msichana 1,050,000. Mke ameondoka na 3,400,000 zake, na 800,000 za mahari, na 600,000 za mirathi, jumla 4,800,000.

Sasa fanya kama wanavyofanya wengi, usitenge vyake. Kutoka 9,000,000 toa mahari, zinabaki 8,200,000, thumni yake ni 1,025,000. Jumla yake yote ni 1,825,000. Amepoteza 2,975,000, na zimeliwa kwa jina la sheria, hali sheria haikusema hivyo. Na mahari yenyewe ikisahauliwa, kama inavyosahauliwa mara nyingi, ni mbaya zaidi.

Tuje kwenye nyumba zilizojaa. Kila mtaa una nyumba kama hiyo, na Mji Mkongwe zipo nyingi: bibi anaishi peke yake ghorofani na vyumba vinne vimejaa mpaka darini. Makopo, magazeti, mitungi, vitambaa, redio zilizokufa. Vijana wanacheka na kusema bibi ana ugonjwa wa kulimbikiza. Yawezekana, na kama ni ugonjwa anahitaji huruma na daktari. Lakini mwanamke aliyezaliwa hapa miaka ya 1940 ameona mambo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, watu wakaondoka wakiwa na begi moja, na ndugu wakaachiwa funguo na masanduku wayatunze. Miaka ya 1970 mchele, sukari na sabuni vilipatikana kwa mgao na foleni, na nguo ilikuwa shida. Mtu aliyepanga foleni ya sabuni hatupi kopo. Halafu jamaa waliohamia Omani, hasa tangu 1970 na kuendelea, wakawa wanatuma mablanketi, chupa za chai na seti za vikombe, na vitu vya zawadi havitumiwi, vinawekwa. Biashara ilipofunguliwa 1984 wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, maduka yakajaa, lakini tabia ya kuweka ilikwisha kuingia mwilini.

Kwa hivyo nyumba kama hiyo ikifikia kuhesabiwa, usianze na mfuko wa taka. Warithi wengi wanafanya haraka ya siku tatu, wanaita mkokoteni, na ndani ya mkokoteni huo inakwenda hati ya shamba. Wazee wetu waliweka karatasi ndani ya makopo ya biskuti, chini ya magodoro, katikati ya kurasa za misahafu na nyuma ya picha za ukutani. Masanduku ya njumu, yale yenye misumari ya shaba ambayo watu wa maduka ya kale huyaita kwa majina ya Bombay, Surat na Shiraz, mengi yana kisanduku cha siri pembeni au saraka za chini. Vuta, gusa, pima urefu wa ndani na wa nje. Ukiona ndani ni pafupi kuliko nje, ipo nafasi iliyofichwa. Vibweta navyo ni hivyo hivyo.

Kinachotangulia ni kutenga visivyo vya marehemu. Hapa watu hawana habari. Katika nyumba iliyojaa, robo nzima inaweza kuwa ya watu: amana za walioondoka 1964 na watoto wao wapo Maskati mpaka leo, vitu vya rehani, sufuria kubwa za shughuli ambazo ni za mtaa mzima, misahafu na mikeka iliyowekwa wakfu, na vya kuazima. Hivyo vinarudi kwa wenyewe, havipati bei. Sisi mafundi tunalijua hili vizuri, maana fundi cherehani akifariki, vitambaa vilivyoning'inia dukani si vyake hata kimoja. Ni vya wateja. Warithi wake wakivihesabu kama mali wamemtwisha maiti deni.

Baada ya hapo kila kitu kina mtu wake wa kukithamini. Dhahabu inakwenda kwa sonara, tena wawili tofauti, na ipimwe mbele ya warithi. Masonara wetu wa zamani walipima kwa tola, ambayo ni kama gramu 11.66, kwa hivyo ukikuta karatasi imeandikwa tola tano usidhani ni gramu tano. Mawe ya kupachika hayapimwi pamoja na dhahabu. Sahani zigeuzwe chini zisomwe: nyingi zilizowapamba bibi zetu zilitengenezwa Maastricht, Uholanzi, na jina limepigwa mgongoni. Nzima ina bei, yenye ufa ina bei ndogo, na ya dukani kwa seti za plastiki haina maana. Samani za msaji wa kweli zipelekwe kwa fundi seremala anayejua mti, maana siku hizi masanduku mapya yanapakwa rangi yaonekane ya mababu, na kuna warithi wamegombania sanduku la juzi wakaliacha la karne iliyopita linawekewa mkaa.

Kuhusu nguo tusimameni kidogo, ndiko kwetu. Kanga ya zamani isiyokatwa inaweza kuwa na bei kuliko mpya, hasa yenye maandishi ya herufi za Kiarabu, au yenye chapa za Uholanzi, au ile ya Mombasa iliyoandikwa Mali ya Abdulla, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak. Wakusanyaji wanazitafuta, na makumbusho ya Ulaya wanazo. Kanga iliyofuliwa na kuchanika bei yake ni ya tambara. Baina ya hizo mbili kuna kanga nzuri za kawaida, zihesabiwe kwa doti kwa bei ya kuuzia mtumba, si kwa bei ya dukani Darajani. Buibui na magauni yaliyovaliwa bei yake ni ndogo sana, na gauni la harusi ndiyo linauma zaidi, kwani tunajua tulilishona kwa kiasi gani. Jora zima ambalo halijakatwa, hilo ni pesa taslimu, liandikwe kwa yadi au mita.

Na kuna desturi ya kugawa nguo za marehemu siku ya kuondoa tanga. Mama mmoja anachukua baibui, wifi anachukua mkufu wa ukumbusho, jirani anapewa kanga mbili. Inafanywa kwa mapenzi. Lakini nguo zile ni tirka, na ikiwa miongoni mwa warithi yumo mtoto mdogo, hakuna mtu mzima mwenye haki ya kutoa sadaka kwa fungu lake. Aya ya 10 ya sura ile ile ya An-Nisaa inatisha juu ya wanaokula mali ya yatima, na haikutaja kiwango cha chini. Warithi wakiwa wote ni wazima na wameridhia kweli, si kwa kuonewa haya, basi ni hiari yao.

Mjane naye yupo eda ya miezi minne na siku kumi. Fiqhi ya Shafii inampa haki ya makazi ndani ya muda huo, kwa hivyo kuhesabu kunawezekana lakini kumvulia nyumba mapazia na kumtolea friji yeye amekaa kwenye mkeka, hilo tumelisikia na tunalikataa. Vitu viandikwe, vibaki mahali pake.

Leo kwa Zanzibar mali za mirathi za Waislamu zinapitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa Sheria Namba 2 ya 2007, na mahakama za kadhi zina sheria yao mpya, Namba 9 ya 2017, ambayo imefungua pia mlango wa kutazama mchango wa mwanamke katika mali ya ndoa. Ukienda huko unatakiwa orodha ya warithi na orodha ya mali. Orodha ya pili ndiyo watu wanaiandika mstari mmoja: nyumba moja na vilivyomo. Neno hilo vilivyomo limemeza makabati mangapi! Andika chumba kwa chumba, kitu, hali yake, bei, na mbele yake safu ya kuandika ni cha nani na ushahidi upi. Piga picha. Warithi watie sahihi kila ukurasa, na wanawake wawepo, kwa sababu wao ndio wanaojua chupa ipi ilitoka Omani na ipi ilikuja na bibi harusi.

Sisi dukani tangu mwanzo wa mwaka tumeongeza kitu kimoja. Begi la bibi harusi likiwa tayari linatoka na karatasi ya vilivyomo, doti ngapi, magauni mangapi, mikufu mingapi na bei zake, nakala mbili. Moja anakaa nayo mwenyewe pamoja na cheti cha ndoa, ya pili anaiweka mama yake. Wakwe wengine wameguna. Bwana harusi mmoja wa Jang'ombe aliisoma yote, akaomba kalamu, akaongeza kwa mkono wake kitanda na friji alivyomnunulia kama hiba, akatia sahihi.